Maisha ya Kengele, Aliyeombea Mlango

Alizaliwa katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, siku ya mkesha wa Watakatifu Wote, na akabatizwa upesi upesi kwa sababu mkunga alidhani hatapona. Alipona. Siku ya ubatizo alilia kwa sauti iliyomfanya padre apoteze mstari katika kitabu chake, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mishumaa mlangoni mwa kanisa akasema kwamba huyu si mtoto, huyu ni kengele. Jina la ubatizo limo katika kitabu cha parokia na huko ndiko lilikobaki. Mtaani, shuleni, kiwandani, na mwishowe rumande, aliitwa Kengele, nasi tutamwita hivyo. Kanisa bado halijasema neno juu yake, na hapa tunapomwita mtakatifu tunasema tu kama wasemavyo majirani zake, bila kulitangulia Kanisa katika hukumu yake. Waandishi wa habari za watakatifu hushauriwa waandike kwa utulivu. Tumejaribu, na pale tuliposhindwa tunaomba radhi kwa msomaji, lakini si kwa wote waliotajwa humu.

Alikulia kwenye kelele za vyuma. Tangu akiwa mdogo alikaa karakanani juu ya ndoo iliyogeuzwa, amegeuza uso asitazame mwali, akimshikia baba yake ncha ya nondo. Kila fundi ana mkono wake, na mkono wa baba yake ulijulikana kwa mkunjo mdogo aliouacha mwishoni mwa kila mshono wa chuma, urembo ambao mafundi wengine waliuona ni kupoteza muda. Kengele aliupenda mkunjo ule. Alikuwa akiupapasa kwa kidole kwenye mageti ya mtaa mzima, akiwaambia wenzake kwa majivuno kwamba hili ni la baba, na lile ni la baba, na lile bovu si la baba. Mama yake, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, alimfundisha kushona na kusali rozari, na alikuwa akisema kwamba kati ya hayo mawili mtoto alikuwa na haraka katika yote.

Baada ya Kipaimara alianza kusoma masomo kanisani. Sauti yake haikuhitaji kipaza sauti, na siku umeme ulipokatika katikati ya Misa hakuna aliyegundua mpaka padre alipoanza kuhubiri. Wakampa kazi ya kudumu ya kuongoza sala ya waamini, ile sehemu ambayo msomaji anataja nia moja moja, kwa ajili ya Kanisa, watawala, wagonjwa na marehemu, kisha anasema "Ee Bwana," na watu wote wanajibu, "Twakuomba utusikie." Kila aliyekulia katika Kanisa anajua jinsi jibu lile linavyotoka lenyewe mdomoni, mtu akiwa anafikiria chakula cha mchana. Kengele lilimkera jambo hilo hata kabla hajawa na sababu. Alimwambia mama yake kwamba watu wale wangeitikia hata kama angesoma bei ya sabuni.

Karo iliposhindikana aliingia kiwanda cha nguo, kama walivyofanya nusu ya wasichana wa mtaa ule. Alipangiwa kola. Ukumbi ulikuwa mrefu, mashine zimepangwa kwa safu, na vumbi la pamba lilielea hewani tangu asubuhi mpaka jioni, likitua kwenye nyusi, kwenye chai, na ndani ya vifua. Mwisho wa ukumbi ilikuwepo sehemu ya kupiga pasi, na nyuma yake marobota ya vitambaa yaliyorundikwa mpaka karibu na dari. Mlango wa mbele ulikuwa mmoja, mwembamba, na hapo wanawake walipekuliwa kila walipotoka, mikoba kwanza na kisha miili. Mlango wa nyuma ulikuwa mpana, wa chuma, na haukufunguliwa. Msimamizi alisema umefungwa kwa sababu ya wezi, na wezi aliowasema ndio hao hao waliokaa kwenye mashine wakimsikiliza.

Mwenye kiwanda alikuwa muumini wa parokia ile ile. Paa la kanisa alilitoa yeye, na mabenchi, na feni, na kwenye kila benchi palikuwa na kibati chenye jina lake, hata mtu alipopiga magoti kusali alijikuta akisoma jina hilo. Waamini walimwita Mfadhili kana kwamba ndilo jina alilobatizwa. Alikaa benchi la kwanza upande wa kushoto, akaimba kwa sauti nzuri, na aliwasalimu wafanyakazi wake kwa upole wakati wa kutakiana amani. Hatusemi hakuwa na imani. Tunasema alikuwa na imani na alikuwa na ufunguo, na alivitunza vyote viwili kwenye mifuko tofauti.

Wito wa Kengele ulimjia mchana mmoja, wiki chache kabla ya Majilio, waya wa pasi ulipolipuka na kuwasha robota moja. Haukuwa moto mkubwa. Ulikuwa moshi, moshi mzito wa kitambaa, na wanawake walifanya walichoweza kufanya wakiwa na macho yaliyofumba: walikimbilia mlango uliokuwa karibu, ule wa nyuma. Kengele alifika wa kwanza na wengine wakamgandamiza kutoka nyuma. Alisukuma. Hakuna kilichosogea. Nyuma yake dada mmoja wa pasi, mwenye mimba kubwa, alianguka na kukanyagwa, na Kengele alimsikia akiita bila kuweza kugeuka. Akapapasa gizani akitafuta komeo, akakuta pao la chuma limepitishwa katika masikio mawili yaliyochomelewa mlangoni, na kufuli mwisho wake. Kidole chake kikapita juu ya mshono, na mwisho wa mshono kikakutana na ule mkunjo mdogo.

Mafundi wa umeme waliuzima moto kwa mchanga kabla haujafika kwenye marobota mengine. Hakuna aliyefariki, kwa hesabu ya kiwanda. Dada wa pasi alipoteza mtoto siku ile ile, lakini kiwanda hakikumhesabu mtoto huyo, na baada ya Noeli kikampa kazi yake mtu mwingine.

Jioni ile Kengele alienda karakanani akiwa bado ananuka moshi. Alimkuta baba yake anasugua mikono kwa mafuta ya taa na akamuuliza kama aliwahi kufanya kazi kiwandani. Mzee alikumbuka vizuri. Ilikuwa miaka kadhaa nyuma, mlango wa nyuma, kazi ya siku moja, na Mfadhili mwenyewe alikuja kuitazama akaisifu.

"Hukuuliza ndani kuna nani?" akamwuliza.

"Niliuliza upana wa mlango," baba yake akamjibu.

Kisha Kengele alimweleza yote. Mzee hakujitetea. Alikaa kwenye ndoo aliyokuwa akiikalia binti yake utotoni na hakula usiku ule, na kwa muda mrefu baadaye hakuweka tena mkunjo kwenye kazi zake. Kengele naye alilala na hasira ambayo hakujua aipeleke wapi, kwa kuwa sehemu yake ilikuwa ndani ya nyumba yao wenyewe, imelala chumba cha pili.

Alianza kwa njia zinazoruhusiwa, na tunalisema hili kwa ajili ya wale waliokuja kudai kwamba alipenda fujo. Alimwendea msimamizi, akaambiwa ashone kola. Alikwenda ofisi ya kazi, na mkaguzi alikuja kweli, akapokelewa ofisini kwa chai, akatembezwa ukumbini. Siku hiyo mlango ulikuwa wazi na mbele yake pametandikwa zulia. Alipoondoka, zulia liliviringishwa na pao likarudi. Mwishowe Kengele alimwendea paroko. Paroko alikuwa mtu mwema, mwoga kidogo, aliyependa mambo yapoe yenyewe. Alimsikiliza hadi mwisho, akatazama juu kwenye dari, yaani kwenye paa lililotolewa na Mfadhili, akasema kwamba mambo haya ni magumu na kwamba silaha ya Mkristo ni sala.

"Basi tuombe, Baba," Kengele akasema, na akamshukuru.

Jumapili iliyofuata, ya kwanza ya Majilio, alipanda mimbari na karatasi yake. Aliwaombea maaskofu, watawala, wagonjwa. Halafu, kwa sauti ile ile na mwendo ule ule, akasema: "Tuwaombee wanaofanya kazi katika kiwanda cha nguo, ambao mlango wao wa nyuma umefungwa kwa kufuli wakiwa ndani. Bwana amguse moyo mwenye ufunguo aufungue kabla moto haujarudi. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," kanisa zima likaitikia.

Liliitikia kabla halijajua limeitikia nini. Na wa mbele kabisa, kwa sauti yake nzuri, aliitikia Mfadhili. Waliokaa karibu naye walishuhudia: mdomo wake ulifika mpaka mwisho wa jibu, ukabaki wazi hapo. Nyuma mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Baadaye Mfadhili alitaka isemwe kwamba hakuitikia, lakini aliitikia, na Mungu ni shahidi. Tunaamini ile ndiyo sala ya kweli zaidi aliyowahi kuisali katika benchi lile, ingawa aliisali kwa makosa.

Wiki haikwisha kabla halmashauri walei, yaani baraza la waamini wa parokia, haijakutana. Iliamuliwa kwamba sala ya waamini si mkutano wa hadhara, kwamba nia zote zitaandikwa ofisini, na kwamba msomaji asiongeze hata nukta. Wapo waliotaka aondolewe kabisa, lakini paroko aliona aibu kwenda mbali hivyo. Alimwita Kengele sakristia na kumsomea uamuzi akiwa hamtazami. Kengele alikubali. Alikuwa ameahidi utii alipopewa kazi ile, na ahadi kwake haikuwa maneno ya kupamba shughuli.

Basi Jumapili iliyofuata alisoma yote yaliyoandikwa, hakuongeza nukta. Alipofika mwisho alikunja karatasi, akaweka mikono juu ya mimbari, na akanyamaza. Hakushuka. Alisimama pale akitazama mbele, na kimya kikaanza kuwa kirefu. Watoto waligeuka kuwatazama wazazi. Mpiga kinanda alishikwa na hofu akaanza wimbo wa matoleo peke yake, na Kengele akashuka. Jumapili ya pili yake ikawa hivyo hivyo, isipokuwa mpiga kinanda alikuwa ameonywa. Kimya kiliendelea mpaka mtu angeweza kusikia feni za Mfadhili zikizunguka. Ndipo muuza mishumaa, sasa bibi kizee mwenye meno machache, akasema kutoka benchi la mwisho, polepole, kama mtu anayejibu swali aliloulizwa:

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Jumapili ya tatu wakamfuata wanawake wa kiwanda. Kufikia Noeli kanisa lote lilikuwa linaitikia kimya kile, na kila mtu alijua alichoitikia, hata wasiotaka kukijua. Paroko alimwita tena akamwuliza pale huwa anaomba nini. "Baba, niliambiwa nisiseme," akamjibu. Paroko alifungua kitabu cha Misa akitafuta kanuni ya kumzuia, akakuta mahali panapoagiza kimya kitakatifu, akakifunga. Hatujui kama ni yeye au ni wengine waliompelekea Mfadhili habari hiyo, lakini baada ya sikukuu Kengele alifukuzwa kazi. Sababu iliyotolewa ilikuwa wizi wa nyuzi. Alipekuliwa mlangoni mbele ya wenzake mpaka nguo ya ndani, na katika mkoba wake zikatolewa nyuzi ambazo hakuna aliyemwona akiziweka.

Hapo ndipo majaribu yake yalipoanza hasa, na hayakutoka kwa maadui. Wanakwaya wenzake walianza kuvuka barabara wakimwona. Waume waliwakataza wake zao kumtembelea wasije nao wakapoteza kazi. Ikasemwa ametumwa na chama fulani, na wengine wakasema ametumwa na chama kingine. Shangazi yake mwenyewe alimwambia kwamba mtu hawezi kupendwa na Mungu huku amegombana na aliyelipa paa la nyumba ya Mungu. Alirudi kushona nyumbani kwa mama yake, akikohoa, kwa maana pamba ya miaka ile ilikuwa imeshakaa kifuani na haikutaka kutoka. Aliumia. Tusimfanye wa chuma. Mama yake alimkuta mara nyingi ameegemeza kipaji cha uso kwenye mashine, mguu umesimama kwenye pedali, analia kwa hasira na si kwa huzuni.

Hasira hiyo aliipeleka katika kitubio kila alipokwenda. Hakwenda kwa paroko, alikwenda kwa padre mzee mstaafu aliyekaa kwenye kiti chake akisikia kwa sikio moja. Mazungumzo yao mengine ni siri na yatabaki siri; haya machache aliyasimulia mwenyewe kwa mama yake. Alisema kwamba ana hasira tangu siku ya moshi na haipungui. Mzee alimwuliza hasira hiyo inamtaka mtu au inataka mlango. Kengele alikuwa akimwona Mfadhili kila alipofumba macho, na mara nyingine alimtakia mabaya.

"Inataka mlango, Baba. Siku nyingine inamtaka yeye."

"Za siku hizo zitubu. Hiyo ya mlango itunze, usije ukaipoteza."

Baada ya Pasaka ilitangazwa kwamba Mfadhili amemaliza kujenga jengo jipya nyuma ya kiwanda na kwamba Baba Askofu mwenyewe atakuja kubariki. Katika parokia ile baraka ya jengo ilikuwa na desturi yake: waamini huandamana kutoka kanisani wakiimba, hupita jengo la zamani chumba kwa chumba, na kila mlango unanyunyiziwa maji ya baraka na kuvukwa, hauachwi hata mmoja, kwa imani kwamba mlango ulioachwa ndio shari itakaopitia. Watu walishika desturi hiyo kuliko baadhi ya amri. Asubuhi ya siku hiyo baba yake Kengele alivaa suti yake na kubeba mfuko wa zana. Mkewe alimwuliza anakwenda Misani na mfuko wa nini. Alisema leo ana kazi.

Maandamano yaliingia kwa mlango wa mbele, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyepekuliwa. Walinzi walimwona fundi na mfuko wake, wakamjua ni fundi, wakampisha. Askofu alibariki mashine, akabariki pasi, akabariki marobota. Kisha msalaba, na mishumaa, na kwaya, na Askofu, na umati wote ukafika mwisho wa ukumbi, mbele ya mlango wa nyuma, kwa kuwa jengo jipya lilikuwa upande wa pili na njia ilikuwa hiyo. Mlango ulikuwa na pao. Wafanyakazi wa zamu walikuwa kwenye mashine zao, wameamriwa waendelee kushona ili Askofu aone bidii. Msimamizi alinong'ona kwamba ufunguo umesahauliwa na kwamba wazunguke nje. Wazee wa parokia wakatazamana. Mlango hauachwi.

Kengele alitoka katikati ya kwaya ambayo haikumtaka, akasimama mbele ya mlango, akageukia watu. Alikuwa amekonda na shingo yake ilionyesha kila pumzi. Hakusema kitu. Aliweka mikono mbele, kama ilivyokaa juu ya mimbari, na akanyamaza.

Waliitikia. Kwanza bibi wa mishumaa, kisha wanawake waliokuwa kwenye mashine, wakizizima moja baada ya nyingine, kisha kwaya, kisha waume waliokataza wake zao. "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Wakarudia, na wakarudia tena. Askofu, mgeni katika mambo ya parokia, alidhani ni litania ya mahali pale naye akaitikia mara mbili kabla hajamwuliza paroko wanaomba nini. Paroko alitazama chini. Halafu, na hili lihesabiwe kwake siku ya mwisho, aliinua kichwa na kusema: "Wanaomba mlango huu ufunguliwe, Baba Askofu. Unafungwa wakiwa ndani."

Fundi mzee alikuwa ameshafika mbele na kuchomeka grenda yake, mashine ile ya kukatia chuma, kwenye umeme wa pasi. "Masikio haya niliyachomelea mimi," akasema. "Naomba niyatoe." Mfadhili alisema kwa sauti iliyotulia kwamba hiyo ni mali yake. Kila mtu alimtazama Askofu. Tungependa kuandika kwamba Askofu alisema neno la kukumbukwa. Hakusema kitu. Alirudi nyuma kidogo ili cheche zisiharibu vazi lake, na kwa kuwa alirudi nyuma, watu walihesabu kwamba ameruhusu. Chuma kilikatwa. Pao lilianguka sakafuni kwa kishindo, Kengele akasukuma kwa mabega yote mawili, na mwanga ukaingia mahali ambapo haukuwa umeingia tangu siku ya mkaguzi. Wanawake wa zamu walitoka wa kwanza, mbele ya msalaba, kinyume cha utaratibu wote.

Mfadhili alitafuta mtu wa kurudisha pao. Hakuna fundi wa kuchomelea katika mji ule aliyekubali. Mmoja alisema gesi imekwisha, mwingine kwamba mgongo unamuuma, mwingine hakutoa sababu. Ila polisi hawakuwa na mgongo wa kuuma. Jioni ya siku ile ya baraka, Askofu akiwa mezani kwa Mfadhili, walimchukua baba na binti kwa kosa la kuharibu mali. Kengele alisema yeye ndiye aliyeamuru, na kwa hilo mzee aliachiwa mapema. Yeye aliwekwa kwenye chumba cha saruji chenye maji sakafuni, kifua kile, na alipoomba dawa aliambiwa amwombe yule anayemsikiaga. Parokia haikupeleka wakili. Halmashauri walei ilipeleka salamu.

Alipotolewa alikuwa hawezi kupanda ngazi ya nyumba yao. Mama yake alimweka kitandani karibu na dirisha, na baba yake alianza kwenda kiwandani kila siku wakati wa mapumziko, akisimama nyuma ya jengo kama anayesubiri mtu, kisha akirudi kutoa habari. Padre mstaafu alimletea Mpako wa wagonjwa. Siku ya mwisho, ilikuwa wiki ya Pentekoste, mzee alichelewa kurudi na Kengele akakataa kufumba macho mpaka afike. Sauti ile kubwa ilikuwa imebaki ya kusikika na mtu aliyeinama tu. Baba yake aliinama.

"Uko wazi?"

"Uko wazi, mwanangu. Wameuegemeza kwa tofali."

Akafumba macho, na hakuyafumbua tena.

Sasa tuseme habari za maajabu, kwa kuwa ndizo zinazoulizwa. Katika msimu wa mvua uliofuata, hitilafu ya umeme iliwasha marobota ya kiwanda cha nguo mchana, zamu ikiwa imejaa, na safari hii mchanga haukutosha. Ukumbi wote uliteketea, na jengo jipya lililobarikiwa likateketea pamoja nao. Wanawake waliona moshi, wakasimama, wakatoka kwa mlango wa nyuma. Wengine walitoka na mikasi mkononi. Magazeti yaliandika mistari michache juu ya hasara ya Mfadhili, na mwisho yakaongeza kwamba hakuna aliyefariki. Hakuna gazeti linaloandika majina ya ambao hawakufa, kwa hiyo hatuwezi kuwanukuu. Lakini wanaonekana mtaani wakipika, wakigombana, wakizaa. Dada wa pasi, aliyerudishwa kazini baada ya moshi wa kwanza kusahauliwa, alikuwemo, na leo ana watoto.

Padre aliyetumwa na jimbo kukusanya ushuhuda, kijana msomi na mwenye heshima, alimweleza baba yake Kengele kwamba ili mambo yaendelee unahitajika muujiza, na kwamba mlango uliofunguliwa kwa grenda hauwezi kuitwa muujiza. Fundi alimjibu: "Baba, moto uliwaka na watu wakatoka. Mnataka Mungu afanye nini zaidi?" Padre aliandika jibu hilo. Lipo kwenye faili, na faili lipo kabatini.

Mfadhili amejenga kiwanda kingine, kikubwa zaidi, pembezoni mwa mji. Ametoa pia gharama za kueneza sifa za Kengele, na amechapisha kadi zenye picha yake, macho yametazama juu, na chini yake maneno: Mpole na mnyenyekevu. Hakuwa mpole. Tumesoma maisha yake yote tukitafuta upole huo, hatukuuona. Picha kubwa ya namna hiyo, yenye fremu ya dhahabu na taa ndogo, ameitundika ndani ya kiwanda kipya, mwisho wa ukumbi, kwenye mlango wa nyuma. Wanawake huweka maua hapo kabla ya zamu. Tulikwenda kuiona, tukaisogeza kidogo pembeni. Nyuma ya picha kuna pao, na mwisho wa pao kuna kufuli.

Kwa hiyo, ndugu mwamini, ukitaka kumwiga mtakatifu huyu, usianze kwa mshumaa. Baba yake bado yu hai. Mikono inatetemeka na grenda imemshinda uzito, lakini anao msumeno wa mkono wa kukatia chuma, na bawaba za mlango ule ziko nje, upande wa barabara ya watu wote. Atakwenda Jumapili hii baada ya Misa ya pili, zamu ikiwa ndani. Anasema kwa msumeno wa mkono kazi itachukua muda mrefu, na kwamba polisi wana kawaida ya kumvuta mtu aliye peke yake. Anaomba watu wa kuja kusimama karibu naye mpaka amalize. Si lazima mtu aseme kitu. Jibu mnalijua.